Udongo wa Shimo la Tatu

Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana wa chuo aliyevaa suti iliyomzidi mabega, na ulikuwa mrefu kiasi kwamba wapishi nyuma ya nyumba walituma mtu kuuliza kama wali upakuliwe au usubiri. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai, nje ya nyumba ambayo Profesa Sungi alijijengea kwao, si mbali na Sepuka, na upepo ulikuwa unalipiga turubai lile mpaka vijana wawili wakaambiwa washike nguzo. Kijana alisoma kwamba marehemu alikuwa mkuu wa utafiti wa chuo kikuu, mshauri wa serikali katika mambo ya sayansi na usalama wa taifa, mtu aliyewafundisha askari wa mipakani kutambua mzigo wenye madini ya mionzi hata ukifichwa chini ya magunia ya vitunguu. Yote ni kweli. Nilifanya naye kazi karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na hotuba zake nyingi niliziandika mimi. Lakini kuna mwaka mmoja ambao kijana yule aliumaliza kwa maneno matatu tu, "alifanya utafiti vijijini," akafungua ukurasa mwingine. Nikasikia hasira inanipanda, hasira ya zamani ambayo nilidhani nimeshaizeekea. Mwaka ule ndio uliomfanya Profesa Sungi awe yule mnayemsifu. Na mimi pia ndio ulionifanya, nikiwa na shahada mpya ya fizikia na viatu visivyofaa kwa mchanga.

Sitasema nilizaliwa wapi wala baba yangu alifanya kazi gani, maana hayo hayakunisaidia chochote kule. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na mkono mtulivu wa kushika kipima mionzi na kwa sababu sikuwa na mtu wa kumsimulia mambo. Tulipelekwa kwenye kitongoji kimoja cha Wanyaturu, ng'ambo ya mbuga, na mashine ya kuchoronga miamba. Tulikuwa tunatafuta urani. Hilo leo linasemwa hata kwenye redio, lakini wakati ule tulisainishwa karatasi kwamba tusilitamke, kwa kuwa wakubwa hawakutaka majirani, walanguzi wala kampuni za nje zijue nchi ina nini kabla nchi yenyewe haijajua. Wanakijiji waliambiwa tunatafuta maji. Waliamini kwa sababu moja tu: aliyewaambia alikuwa Sungi, mtoto wa upande ule ule, aliyeshuka kwenye gari akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akaanza kuongea Kinyaturu kama mtu aliyetoka kisimani jana. Mkuu wa mradi nyuma ya pazia alikuwa mwingine, Bwana Mrisho, mtu wa pwani, mpole, ambaye tuliambiwa ni mhasibu. Sikuwahi kumwona akihesabu kitu. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha kukunja, anasikiliza.

Mimi nililazwa kwa Bi Mwajuma, mjane, kwenye nyumba ya tembe yenye paa la udongo la bapa, ambayo ukiingia lazima uinamishe kichwa hata kama umekuja kugombana. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na dirisha dogo ambalo kuku waliliona ni mlango wao. Chumba cha pili alilala mkwe wake, Zaituni, mdogo kwangu kidogo, mwenye mimba yake ya kwanza. Mume wake, Hamisi, alikuwa Mitundu kwenye mizinga ya asali na alitegemewa kurudi mtoto akizaliwa. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na siku za Ijumaa Bi Mwajuma alichinja kuku, akanipa paja, akampa Zaituni kifua, yeye akabaki na shingo na miguu, akidai kwamba nyama yote ya kuku iko huko. Alikuwa mtani. Aliniuliza mbele za watu kama wasichana wasomi huwa wanaolewa kwa barua. Nikimjibu kwa hasira alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kupendwa na mama wa mtu kwa haraka kiasi kile, na hadi leo nikila shingo ya kuku namkumbuka, ingawa siipendi.

Sasa mashine ile, inapochoronga, hutoa unga wa mwamba na udongo laini kutoka chini sana. Tulichukua sampuli yetu kwenye mifuko, kilichobaki tukakirundika kando ya shimo. Kulikuwa karibu na mvua, wakati ambao wanawake wa kule hukarabati paa za tembe ili zisivuje, na udongo mzuri wa kazi hiyo hufuatwa mbali. Huu wetu ulikuwa mweupe, laini, hauna hata kokoto. Bi Mwajuma alikuwa wa kwanza kuja na beseni. Aliuchukua kwa vidole, akaunusa, akaweka kidogo ulimini. "Profesa, huu mnautupa?" Profesa akacheka, akafurahi hasa, kwa kuwa alitaka watu wale waone tumewaletea kitu. "Chukueni, mama zangu. Chukueni wote." Akasimama pale akiwatazama wakibeba, na akaniambia marehemu mama yake naye angekuja na beseni. Hakuna kati yetu aliyewaza. Kwenye vitabu vya usalama vilivyotoka nje mlikuwa na mambo ya glavu, buti na uzio, lakini hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema kwamba mtu anaweza kuja na beseni akaomba uchafu wako akajengee nyumba. Na hapakuwa kabisa na mstari unaosema kwamba ataula.

Wajawazito wa kwetu hula udongo, nani asiyejua. Bi Mwajuma alikuwa fundi wa jambo hilo. Aliuloweka kwenye maji, akaukoroga, akasubiri mchanga uzame, kisha akauchuja ule wa juu kwa kanga, kanga mpya ambayo hata hajaivaa, akauacha utulie, akaufinyanga vidonge na kuvianika juu ya paa. Alimpa Zaituni vya kutosha, na vilivyobaki akawagawia wajawazito wengine wa kitongoji kwenye vibakuli. Nilionja kimoja. Kilikuwa na harufu ya mvua ya kwanza.

Majibu ya shimo la tatu niliyapata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, nimechuchumaa kwenye rundo. Kipima mionzi kilianza kulia kama bisi kwenye sufuria. Nikadhani kimeharibika, nikaenda nacho mbali kikanyamaza, nikarudi kikalia. Nilimwita Profesa. Alikishika mwenyewe, akakisogeza huku na huku, na nikaona uso wake una furaha, furaha ya mtu aliyeotea kweli, maana hicho ndicho tulichotumwa kutafuta. Kisha akageuka akatazama kitongoji. Kutoka pale ziliweza kuonekana paa tatu zimekandikwa upya, nyeupe. Furaha ile ilimtoka palepale, na sijui kama ilimrudia tena katika kazi yake yote.

Tulifukia rundo, tukazungushia miiba. Mchana huo nilimsikia ndani ya hema akiongea kwenye simu ya setilaiti, na kwa kuwa hema ni kitambaa tu sikuhitaji kutega sikio. "Naelewa ni siri, mzee. Lakini hawa wanakula. Ndiyo, wanakula. Udongo, mzee. Hapana, sifanyi utani." Akasikiliza upande wa pili. "Basi naomba ruhusa niwaambie jina la kitu chenyewe tu. Nisubiri mpaka lini?" Alipotoka alikuwa amevua miwani. Bwana Mrisho, kwenye kiti chake, akamwambia kwa upole, "Waambie mashine imemwaga mafuta, Profesa. Mafuta kila mtu anayajua."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mashine ya kukamua alizeti, wanawake wamekaa juu ya viroba vya mashudu. Profesa akasema kwa Kiswahili kwamba udongo ule umeingia mafuta ya mashine, wasiutumie, waubomoe kwenye paa. Wanawake wakaangaliana wakacheka. Bi Mwajuma akasimama. "Mwanangu Sungi, mafuta jua linayamaliza. Na huu tumeuosha, tumeuchuja. Ni msafi kuliko unga wa dukani." Wakapiga makofi. Mafuta kila mtu aliyajua, ndiyo, na ndiyo maana kila mtu alikuwa na dawa yake. Profesa alisimama kidogo akitazama chini. Kisha akahamia Kinyaturu. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini, na kicheko kikakatika. Mama mmoja aliyekuwa ameshika kidonge alikiangusha, akajifuta vidole kwenye sketi. Bwana Mrisho akauliza, "Umewaambia nini?" Profesa akajibu, "Nimesisitiza habari ya mafuta." Mimi sikujua lugha lakini nilijua nyuso. Nilielewa kwamba ameivunja ile karatasi aliyoisaini, mbele ya yule aliyewekwa kuilinda, kwa lugha ya mama yake. Siku ile nilimpenda Profesa Sungi kwa moyo wangu wote. Niseme tu.

Wakati wa chakula nilimuuliza Bi Mwajuma amesikia nini. Alikuwa tayari ameshatoa vidonge vyote nje, amevifukia, Zaituni analia kwa hamu yake ya udongo. "Amesema ndani ya ule udongo kuna kifo," alisema. "Kinaua taratibu, hakionekani, hakina harufu, na hakioshwi." Akamega ugali, akauzungusha mkononi bila kuuchovya. "Sasa nani amekiweka?"

"Hakuna aliyekiweka, mama. Kimo tu ardhini."

"Kitu kibaya namna hiyo kikawemo tu?" Alinitazama kwa huruma, kama msichana asiyejua mambo ya dunia. Hakuuliza tena. Lakini swali lile halikuwa lake peke yake. Kila nyumba ililiuliza jioni ile juu ya mlenda, na nyumba nyingine hazikuwa na mtu wa kuzijibu hata jibu baya kama langu. Profesa alikuwa amewaambia ukweli nusu, na nusu iliyobaki wakaijaza wenyewe kwa vitu wanavyovijua.

Zaituni alianza kuvimba uso na miguu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, amekufa. Nesi wa zahanati alisema ni presha ya mimba, iko kila mahali, na huenda alisema kweli. Miaka yote hii nimesoma kila andiko lililonijia mkononi, na jibu langu ni lilelile alilonipa Profesa: hakuna anayeweza kusema ndiyo, na hakuna anayeweza kusema hapana. Kitongoji hakikuwa na shida hiyo. Udongo una kifo, Profesa kasema. Aliyeuleta wa kwanza ni Mwajuma. Aliyeuchuja kwa mikono yake na kuugawa nyumba kwa nyumba ni Mwajuma. Na yeye ni mzima, anatania watu. Wakasema pia kwamba wana neno kutoka kwa mtu wa ndani. Sikujua ni nani.

Walikuja mchana, vijana kwa wazee, na majembe. Hawakupiga kelele. Kijana mmoja alitoa begi langu nje, akalipangusa vumbi. "Dada, samahani, hili ni lako." Kisha wakapanda juu wakaanza kubomoa paa, na ule udongo mweupe ukawa unadondoka ndani, juu ya kitanda changu, juu ya mtungi, vumbi lake likitoka mlangoni kama moshi. Bi Mwajuma alikaa chini uwanjani, miguu ameinyoosha, kanga imemdondoka kichwani na hakuiokota. Nilikimbia kwenye kambi kumleta Profesa. Alikuja mbio, namkumbuka shati limetoka kwenye suruali, na Bwana Mrisho nyuma yake anatembea tu.

Mwenyekiti wa kitongoji akawasimamisha vijana. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake. "Profesa, wewe ndiye uliyetuambia ndani mna kifo. Tuambie na hili. Ni mkono wa mtu, au si mkono wa mtu?"

Ilikuwa sentensi moja. Hata Kiswahili cha darasa la pili kingetosha: ni madini, yamo ardhini tangu zamani, sisi ndio tulioyatoa. Watu wote walikuwa tayari kumwamini. Walikuwa wanamwamini kuliko mashekhe na wachungaji wao. Bi Mwajuma aliinua uso akamtazama. Profesa akageuza shingo kidogo tu upande wa Bwana Mrisho, ambaye hakufanya chochote. Kisha akasema, kwa Kiswahili kizuri cha mkutanoni, "Mambo ya familia ni vizuri mkayamaliza kifamilia."

Nilipiga kelele. Nilisema ni madini, nilisema ni sisi, nilisema kipima mionzi ninacho mimi na waje wakisikie. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa adabu, akamgeukia Profesa. "Binti anasema kweli?"

"Binti amechoka," alisema Profesa. "Amekaa porini muda mrefu."

Hilo ndilo alilosema. Nimeliandika hapa kwa sababu halimo kwenye wasifu. Nilipakiwa kwenye gari siku hiyohiyo na begi langu lililopanguswa vumbi, na mpaka tunafika Singida mjini sikuwa nimefunga mdomo. Dereva, maskini, aliongeza sauti ya redio. Nikarudishwa chuoni kuosha vyombo vya maabara. Hamisi alikuja akamchukua mama yake akaenda naye Mitundu, na Zaituni akarudi kwao. Bi Mwajuma alikufa hukohuko, kwenye nyumba ya bati, akiwa hana jirani aliyekubali kula kwake. Jina la mchawi lilikuwa limemfuata.

Mtauliza kwa nini nilirudi kufanya kazi na mtu yule. Alinifuata maabara alipopandishwa cheo, akasimama mlangoni kama mwanafunzi. "Rudi kwenye timu yangu," aliniambia. "Kila mtu pale ananiheshimu. Nahitaji mtu mmoja wa kunikasirikia." Nilirudi, na hiyo kazi niliifanya vizuri. Alijenga kitengo kile cha utafiti mpaka kikawa kitu kikubwa, akakaa meza moja na majenerali, na ndiye aliyewabana mpaka wakakubali kwamba hakuna shimo litakalochimbwa, kwa siri yoyote ile, bila watu wa pale kuambiwa kinachotafutwa. Mliona akilipigania jambo hilo kwa ukali mkashangaa. Mimi sikushangaa. Lakini kwa Bi Mwajuma hakwenda. Nilimwambia nenda, akasema atakwenda, mpaka siku tuliyosikia amefariki, na siku hiyo alifunga mlango wa ofisi akalia kwa sauti, mzee mzima, na mimi upande wa pili wa mlango nikasema moyoni mwangu, lia.

Wali ulipopakuliwa, mwanamke mmoja mnene, mwenye hijabu ya kahawia, alikuja akakaa karibu nami na sahani yake. "Dada Anjela. Umenisahau." Nilipomtazama macho nikamjua. Zaituni. Nilikuwa nimesikia ameolewa upande wa Mkalama, sikujua wapi. Akaniambia ana mgahawa Nduguti, karibu na zile ofisi mpya za serikali, na kwamba Profesa kila akipita safarini alikuwa anakula kwake. "Anaagiza kuku, hamalizi. Anakaa tu ananiangalia. Nilidhani ana jambo la kuniambia. Halafu nikadhani ananitaka, Mungu anisamehe, mzee wa watu." Akacheka kidogo. "Basi nikaona nije nimzike."

Alikuwa hajui. Miaka yote ile, na kuku wote wale, hakumwambia. Nikaweka sahani chini nikamweleza mimi, polepole, kwa Kiswahili: tulikuwa tunatafuta nini, udongo ule ulitoka wapi, nani aliutoa, kwa nini hatukusema. Nikamwambia kwamba hakuna mtu aliyeweka kitu ndani yake. Nikamwambia na lile jibu la ndiyo na hapana. Wali wake ulipoa. Kule mbele walikuwa wanaita watu waende kaburini kutupa udongo, na watu wakaanza kusimama.

"Waliniuliza nani alikuwa ananipa ule udongo," alisema mwishowe. "Wale kina mama, nikiwa bado nimelala na maziwa yananitoka bure. Nikasema, mama mkwe. Sikusema uongo. Wakaniuliza, na yeye alikuwa anakula? Nikasema hapana. Hajawahi kuonja hata kimoja, kumbe na yeye alikuwa anaupenda." Alitazama watu wanavyoinama, mmoja mmoja, wakichota kwa mkono na kutupa. "Neno lenyewe lilikuwa hilo, dada. Kwamba alikuwa haonji. Wakaondoka."

Hakusimama, na mimi sikusimama. Aliokota pindo la hijabu akaliweka mdomoni, akaling'ata, kisha akaliachia.

"Alikuwa haonji," alisema, "ili unitoshe mimi."